Nani Amefunga?

Kabla ya lori lolote kutoka kwenye yadi ya Malaba, Mzee wa Kamba alilizunguka mara mbili, mara ya kwanza kwa macho na mara ya pili kwa kidole. Kidole chenyewe kilikuwa kimoja tu, cha shahada, kigumu kama msumari wa reli. Alikipenyeza chini ya kamba, akavuta kidogo, akasikiliza. Ndiyo, alisikiliza kamba, kama daktari anavyosikiliza kifua. Halafu alirudi nyuma hatua tatu na kuuliza kwa sauti ambayo mama yangu aliisikia ng'ambo ya barabara, kwenye hoteli yetu ya chai na chapati:

"Nani amefunga?"

Aliyefunga alitakiwa ajitokeze, aweke kiganja juu ya mzigo, amtazame dereva usoni na kusema, "Ni mimi," kisha ataje majina yake mawili. Jina la utani halikukubaliwa. Kama waliofunga ni watatu, walichagua mmoja awabebee wenzake. Mzee akiridhika alipiga ubavu wa lori kofi moja, na lori likaenda zake. Asiporidhika alisema, "Fungua. Funga upya." Hakuna aliyebishana naye, hata tajiri mwenye lori. Nimeona trela ya sementi ikifunguliwa yote, foleni nzima ya mpakani ikipiga honi, na mzee amesimama pale kama hasikii.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sijui. Alipanga chumba kilichopakana na chetu nyuma ya hoteli, na tangu nikiwa darasa la tatu alikuwa mzee vilevile. Hakuzeeka zaidi. Mimi ndiye niliyeongezeka mpaka nikafika fomu tatu, na mdomo wangu ukaongezeka kuliko mwili. Ndiyo maana aliniita Redio. "Redio, punguza sauti," aliniambia karibu kila siku, bila hasira, kama mtu anayefukuza nzi.

Desturi ya kusema "ni mimi" aliitoa kwenye ndege, na hapo ndipo kichekesho kilipoanzia. Ndege zake hazikuwa hizi tunazoziona zikipita juu kama vijiti vyeupe. Za kwanza zilikuwa ndege za maji. Alisema alipokuwa kijana, Kisumu, kulikuwa na ndege zenye tumbo la mashua. Zilitoka Ulaya zikirukaruka kutoka maji hadi maji, Mto Nile halafu ziwa letu, na zilipofika zilikaa juu ya maji kama bata. Wakati wa vita zikaja za jeshi, Katalina, zenye vioo vilivyovimba ubavuni kama macho ya chura. Yeye alikuwa kwenye motaboti. Kazi yake ilikuwa kufukuza viboko, kisha kuidaka ndege kwa kamba na kuifunga kwenye boya.

"Na kupasua maji," alisema. Hapo aliinua kile kidole. "Maji yakilala kama kioo, rubani haoni hewa inaishia wapi na maji yanaanzia wapi. Anafikiri bado iko mbali, kumbe amefika. Sasa sisi tunazunguka na motaboti, tunaamsha maji, anaona mawimbi, anashuka vizuri. Ndege ya maji haiogopi mawimbi madogo. Inaogopa maji yaliyolala."

Dereva mmoja wa Mombasa, mtu wa kofia na maneno matamu, alikuwa akinywa chai siku hiyo. Alisema, "Mzee wangu, ndege yaogelea? Basi na samaki wapanda mkokoteni."

"Wewe umeona bahari ukafikiri umeona maji," mzee akamjibu, na hoteli nzima ikamcheka dereva.

Ndege za pili zilikuwa za jeshi la wazungu, Nairobi, miaka ya karibu na Uhuru. Hizo aliziita Bevali. Alivyozieleza, Bevali ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili iliyoota mabawa. Miguu yake haikukunjwa, ilining'inia hewani muda wote. Injini nne. Nyuma ilikuwa na milango mipana kama ya godauni, na lori lilipanda likaingia ndani likiwa zima, na dereva wake ndani. Choo kilikuwa mkiani, juu darini, na askari aliyekwenda haja alipanda ngazi kama anayekwenda kuiba mahindi ghalani. Mzee alikuwa kwenye kundi la kufunga mizigo. Kabla ya kuruka, rubani alishuka mwenyewe na kuuliza nani amefunga, na mtu akajibu kwa majina yake mawili. Mzigo ukitembea huko juu, alisema, ndege inainua pua kama farasi na hairudi tena kuwa ndege.

Mwaka wa mafuriko walijaza magunia ya mahindi na kuyaangusha kwa watu waliozingirwa na maji, bila miavuli ya kushushia mizigo. Gunia moja lilitiwa ndani ya gunia lingine kubwa. La ndani lilipasuka likigonga ardhi, la nje likayashika mahindi. Tangu hapo mzee aliyaendesha maisha yake yote kwa mtindo huo. Alivaa mashati mawili. Alibeba mayai kwenye mfuko ndani ya mfuko. Alipiga hodi mara mbili, mahali pawili pa mlango uleule.

Mimi niliyaigiza yote haya. Nilikuwa na kitoto cha sufuria kilichokuwa Bevali na mwiko uliokuwa mabawa, na madereva walinipa mandazi ili niwaonyeshe lori linavyomezwa.

"Mzee," nilimuuliza mara moja mbele yao, "hiyo ndege ikimeza lori, ilikuwa inatema wapi?"

"Pale imeambiwa," alisema. "Si kama wewe."

Ukikaa naye karibu uliona mambo yasiyopatana. Mtu huyu aliyejua fundo la kila namna hakuwa na kamba kwenye viatu. Vilipwaya, akavivuta kama ndara. Mtu aliyefunga ndege miaka yote ile hakuwahi kupanda hata moja. Mama yangu alimuuliza sababu, naye akasema, "Najua nani alikuwa anafunga. Ni watu kama mimi." Na mtu aliyekosana na kila tanboi, msaidizi wa dereva, kuhusu uzito hakujali mizani ya serikali, alijali tu uzito umekaa wapi. Aliwapanga wateja wetu kwenye benchi: wanene katikati, wembamba pembeni. Kuna matanga fulani kule Kocholia aliizuia pikapu ya waombolezaji isiondoke mpaka shangazi wa marehemu, mama mkubwa kabisa, ahame kutoka nyuma na kukaa mbele. Shangazi aliacha kulia ili amtukane. Kisha akahama.

Na kuna lile la paa. Mwaka mmoja kabla ya haya, wakati wa mvua kubwa, alipanda juu ya chumba chetu bila kuombwa, akapitisha kamba ya trela juu ya mabati na kuifunga kwenye mawe mawili. Nilikuwa mlangoni nikimwambia mama kwa sauti kwamba sasa nyumba yetu itapelekwa Kampala. Upepo ulikuja alasiri ile na kuchukua mabati ya majirani wanne. Paa letu lilitikisika tu. Mama alimpakulia sahani ya kuku. Mimi ndiye niliyeipeleka, na sikusema asante, kwa sababu sikuwa nimepata namna ya kuisema ikachekesha.

Sasa nifike kwenye langu.

Likizo ya Agosti niliomba kibarua yadini, nikafunga mizigo wiki mbili. Nilijiona fundi. Siku moja nilifunga lori la magodoro, na mzee alipouliza nilijitokeza kwa mbwembwe, nikaweka kiganja, nikataja majina yangu mawili kama mtangazaji wa mpira. Alipenyeza kidole. Fundo langu likafunguka lenyewe, polepole, kama mtu anayevua soksi. Magodoro mawili yakateleza yakanifunika. Madereva walicheka mpaka yule wa Mombasa akakaa chini. "Redio imezimwa," alisema mmoja, na jina hilo likanifuata mpaka shuleni.

"Fungua," mzee alisema. "Funga upya." Hakucheka. Nafikiri angecheka ningemsamehe.

Ilikuwa mwaka ule nchi tatu ziligawana vitu vya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika, na kila mtu alikuwa anasema mambo ya ndege, nani kachukua ipi. Hapo ndipo wazo liliponijia. Nilikaa na rafiki yangu Wandera nyuma ya nyumba yao, nikaandika barua kwa Kiingereza, kwa mwandiko wangu mzuri wa kulaza, ule nilioutumia kuwaandikia wavulana wengine barua za mapenzi. Barua ilisema kwamba sasa Kenya inataka ndege zake, na zile za maji zinarudi ziwani. Ya kwanza itajaribiwa Sio Port, Jumamosi, saa nne asubuhi. Watu wa zamani wenye ujuzi wa boya na kamba wanaombwa wafike. Wandera alichonga muhuri kwa kiazi kitamu, akaupiga kwa wino wa buluu, na akaitia posta Busia.

Barua ilifika yadini Jumatano. Mzee hakujua Kiingereza vizuri, kwa hiyo alimtafuta mtu wa kumsomea. Alikuja hotelini, akapangusa meza kwa mkono wa shati la nje, akaiweka mbele yangu.

"Redio," alisema, "leo ongeza sauti."

Nikamsomea. Nilisoma uongo wangu mwenyewe toka juu hadi chini, na uso wangu ulikuwa mkavu kama wa hakimu. Aliniomba nirudie. Nilipomaliza mara ya pili alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Imesema nani atapasua maji?"

Barua haikusema kitu kuhusu hilo. Sikuwa nimefikiria. Ningeweza kuacha hapo. Nilitazama karatasi, nikapitisha kidole kwenye mstari, nikasema, "Imesema wewe, mzee."

Aliiachia meza. Kisha akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, na bahasha kwenye bahasha nyingine.

Nilidhani atakwenda, atakaa saa moja, wavuvi watamcheka, atarudi na basi la mchana, na mimi nitakuwa nimekaa kwenye benchi nikimngojea nimuulize kama ndege ilikuwa na choo. Wandera alikuwa ameshatengeneza maneno ya kusema. Basi la mchana lilikuja bila yeye. La jioni pia.

Yaliyotokea tuliyapata Jumatatu kwa mchuuzi wa samaki, mama mmoja anayepita hotelini. Alisema asubuhi ile ziwa lilikuwa limelala, hakuna hata mkunjo. Mzee mmoja mwenye mashati mawili alikuja akakodi mtumbwi kwa pesa zote alizokuwa nazo. Hakwenda kuvua. Alikwenda mbele kidogo, akaanza kuzunguka, akipiga maji kwa kafi. Alizunguka toka saa nne. Wavuvi walimwita aje ale, akawaambia atakula ikishuka. Walimuuliza nini itashuka, akaonyesha juu. Saa tisa bado alikuwa anazunguka. Ndipo upepo ulipoinuka, mtumbwi ukapinduka, na wakamtoa akiwa ameshika kamba. Akapata homa ya mapafu, wakampeleka hospitali ya misheni, Nangina.

"Maskini, akili yake imekwenda," yule mama alisema. Mama yangu akaacha kukanda unga.

Yadini walisema hivyohivyo, ila kwa kucheka. Karani, ambaye zamani alimwogopa, alimweka kijana mwingine kwenye kazi ya kukagua kamba. "Siwezi kumpa lori la watu mzee anayengojea ndege kwenye maji," alisema. "Akirudi tutampa kufagia." Dereva wa Mombasa alisema kwamba kama angejua, angempa nyavu akamvulie moja. Lori la kwanza lilitoka yadini bila mtu kuulizwa kitu. Nilisimama mlangoni mwa hoteli nikaliona likienda, turubai yake inapigapiga, na nilijua kwamba katika Malaba yote ni mimi tu, na Wandera, tuliojua kwamba akili ya mzee haijakwenda popote. Wandera alisema tunyamaze, mambo yatapita. Nilinyamaza siku tisa. Sikuigiza kitu. Mama alinipima joto kwa kiganja.

Siku ya kumi alinipa chupa ya uji na nauli. "Nenda umwone," alisema. "Ana nani mwingine?"

Alikuwa kwenye kitanda cha pembeni, karibu na dirisha, amekonda. Shati lilikuwa moja tu, la hospitali. Aliponiona alijaribu kukaa.

"Redio. Umekuja na kalamu?"

Nilikuwa nayo, na daftari. Mtu wa fomu tatu hatembei bila kalamu. Alisema afadhali, kwa sababu kuna kitu kinamnyima usingizi. Ameharibu kazi. Aliagizwa apasue maji na akayaacha.

"Niliisikia," alisema. "Nikiwa ndani ya maji, nilisikia injini. Ilikuja, ikaona hakuna mtu, ikarudi. Inawezekana maji yalikuwa yamelala tena, inawezekana ingeanguka. Watu wako ndani, Redio. Sasa andika. Waombe msamaha."

Nilitaka kumwambia hapohapo. Nilifungua mdomo, na kilichokuja ni mzaha, kitu fulani kuhusu rubani na kofia, na nikaumeza. Nikaandika. Alisema kwa Kiswahili, nikaweka kwa Kiingereza. Kwamba maji yalikuwa tayari toka saa nne mpaka saa tisa. Kwamba kafi si kama motaboti. Kwamba kosa si la wavuvi. Kwamba kama kuna siku nyingine, anaomba wampe kazi ya kamba tu, mikono bado ina nguvu. Kitanda cha pili mtu alikuwa anakohoa, na kila alipokohoa mzee alingoja, ili nisikose neno.

"Sasa anwani," alisema. "Barua yao iko kwenye mkebe, hapo chini."

Niliutoa mkebe chini ya kitanda. Alifungua bahasha, akafungua bahasha ya ndani. Wavuvi walikuwa wameikuta kwenye koti aliloacha ufukweni, kwa hiyo haikulowa hata kidogo. Akaiweka juu ya blanketi, kando ya ile ambayo wino wake ulikuwa haujakauka.

Hakuwa ameniona nikiandika hata siku moja kabla ya hiyo.

Alizitazama. Mara ya kwanza kwa macho. Kisha akainua kile kidole, akakipitisha chini ya mstari wa barua ya zamani, polepole, akarudi akakipitisha chini ya mstari wa ile mpya. Herufi zilikuwa zimelala upande mmoja, na mikia yake ilijikunja kwa namna ileile. Alifika mwisho, kwenye muhuri wa kiazi, akaugusa.

Nje mtu alikuwa anapasua kuni.

"Nani amefunga?" alisema.

Hakupaza sauti. Niliweka kiganja juu ya karatasi zote mbili, na wino ukanishika mkononi. Hapakuwa na dereva wa kutazama usoni, kwa hiyo nikamtazama yeye.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Redio."

"Redio inauzwa dukani."

Nikataja majina yangu mawili. Yalitoka bila mbwembwe yoyote, kama ya mtu anayeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Na ile ya kupasua maji," alisema, "iko mstari gani? Nimetafuta."

"Haiko. Niliongeza wakati wa kusoma."

Alitikisa kichwa taratibu. "Hiyo ndiyo fundo lilishika," alisema. "Bila hiyo ningerudi na basi ya mchana."

Nikamwambia yaliyobaki, kwa sababu nilijua angeyakuta akirudi: kijana mpya wa karani, ufagio unaomngoja, kicheko. Nikamwambia kwamba watu wanasema akili yake imekwenda. Alisikiliza kama anavyosikiliza kamba, kichwa kimeinama upande. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Aligeukia dirisha, nami nikaanza kuukunja uso ili nilie bila sauti.

"Kwa hiyo hakuna watu walianguka," alisema.

"Hakuna, mzee. Hapakuwa na ndege."

"Sawa." Alivuta pumzi ndefu, ikakwaruza ndani. Akaichukua ile barua ya msamaha niliyotoka kuiandika, akanirudishia. "Fungua," alisema. "Funga upya."

Nikaichana. Nikageuza ukurasa.

"Nimwandikie nani?"

"Yadi. Karani asome mbele ya madereva wote. Na wewe usimame hapo, mkono juu ya lori, mpaka amalize."

Safari hii sikungoja aniambie maneno. Nilianza na majina yangu mawili. Yeye aliegemea mto, akaifuata kalamu kwa macho, na nilipofika mstari wa tatu alinyoosha kidole, akagonga karatasi.

"Andika kubwa," alisema. "Yule wa Mombasa haoni vizuri, na anajifanya anaona."